Tarumbeta za Kijijini Zilipoiteka Los Angeles

Januari 1993 kampuni ya Arbitron, iliyokuwa ikihesabu wasikilizaji wa redio nchini Marekani, ilitoa matokeo ya Los Angeles kwa miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia. Ni vigumu kupata mji wenye vita kali ya redio kuliko ule. Watu wake hushinda barabarani ndani ya magari, na gari lisilo na redio huko halihesabiki kuwa gari kamili. Vituo vikubwa kama KIIS na KPWR vilijulikana nchi nzima, watangazaji wake walilipwa kama wacheza sinema, na wakurugenzi wake walidhani wanamjua kila mshindani wao kwa jina na kwa sura. Safari hiyo nafasi ya kwanza ilikwenda kwa kituo ambacho wengi wao hawakuwahi hata kukifungulia: KLAX, FM 97.9, kilichojiita La X. Kilitangaza kwa Kihispania kutwa kucha, na kilipiga muziki wa matarumbeta na ngoma kutoka majimbo ya magharibi mwa Meksiko, muziki wa harusi za vijijini, mashindano ya farasi na sikukuu za watakatifu wa miji midogo. Miezi michache nyuma, jina hilo halikuwapo hewani.

Malalamiko hayakuchelewa. Wapo waliodai kwamba Arbitron imekosea, kwamba imegawa vijitabu vyake vya hesabu kwa familia nyingi mno za Kilatino. Lakini matokeo mengine yakaja, na KLAX ikawa palepale kileleni. Na hata asubuhi, saa ambazo redio ya Marekani hupata sehemu kubwa ya mapato yake, watangazaji wawili wahamiaji, Juan Carlos Hidalgo na Jesús García aliyejulikana kwa jina la El Peladillo, walimpita Howard Stern, mtangazaji wa New York aliyekuwa akisikika Los Angeles kwa kurushwa na KLSX, na ambaye muda mfupi kabla alikuwa akijitapa kwamba amelishinda jiji hilo.

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kama ushindi wa Kihispania dhidi ya Kiingereza. Mimi siioni hivyo. Kihispania kilikuwa hewani Los Angeles kwa zaidi ya miaka sitini kabla ya La X kuzaliwa. Kilichoshinda mwaka 1992 ni kijiji. Na wa kwanza kushindwa walikuwa wenye redio za Kihispania wenyewe, waliokuwa wakiuonea aibu muziki huo huku wakiishi kwa kuwauzia sabuni na simu watu walioupenda.

Kuielewa aibu hiyo inabidi turudi nyuma, mpaka mwisho wa miaka ya 1920, kwa mtu mmoja aliyeitwa Pedro J. González. Alizaliwa Chihuahua mwaka 1895, na wakati wa mapinduzi ya Meksiko alikuwa mpiga telegrafu katika jeshi la Pancho Villa. Alipovuka mpaka akafanya kazi za mikono, kisha akapenya redioni. Wakati ule hakukuwa na kituo cha Kihispania mjini; vituo vya Kiingereza viliuza saa ambazo hakuna aliyezitaka, nazo zilikuwa saa za alfajiri. González alipata nafasi katika kituo cha KELW cha Burbank, kuanzia saa kumi usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wenye kituo waliziona saa hizo kuwa saa za watu waliolala. Lakini wachuma matunda, wajenzi wa reli na wasafisha majengo wa Kimeksiko walikuwa macho, wanachemsha kahawa, wanafunga chakula cha mchana. González na wenzake wakajiita Los Madrugadores, waamkao alfajiri, wakawapigia gitaa na kuwaimbia nyimbo za nyumbani.

Alikuwa pia mtu wa kusema. Miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi serikali za mitaa ziliwarundika Wameksiko kwenye treni na kuwarudisha kusini, wakiwamo watoto waliozaliwa Marekani na waliokuwa raia kamili. González alilisema jambo hilo hewani. Inasimuliwa kwamba siku moja alisoma tangazo la kazi, na wanaume mamia wakajitokeza mahali palipotajwa, wamebeba majembe na mashoka yao, hata polisi wakadhani ni maasi. Mtu mwenye sauti ya namna hiyo hakuachwa. Mwaka 1934 alitiwa hatiani kwa kosa la kumbaka msichana, akafungwa katika gereza la San Quentin. Msichana huyo baadaye alikana ushahidi wake. González alikaa ndani hadi 1940, akatolewa na kufukuzwa nchini. Aliendelea na redio huko Tijuana, upande wa pili wa mpaka, na alikufa mwaka 1995 akiwa amekaribia miaka mia, baada ya kuiona hadithi yake ikitengenezewa filamu.

Nimekaa kidogo kwa González kwa sababu kila kilichofuata tayari kimo ndani yake: saa zilizodharauliwa, wasikilizaji wasiohesabiwa, nyimbo za mashambani, na hofu ya wakubwa pale sauti ya redio inapoweza kuwakusanya watu.

Baada ya vita kuu ya pili vikaja vituo kama KWKW na KALI, vilivyokuwa na Kihispania kwa wingi zaidi na hatimaye Kihispania peke yake. Miaka ya 1970 ikaja FM, na KLVE 107.5 ikajipatia jina kubwa kwa nyimbo za mapenzi zenye vinanda laini, za waimbaji kutoka Hispania, Ajentina na jiji la Meksiko. Ulikuwa muziki mzuri, sibishi. Lakini ulichaguliwa kwa shabaha. Wenye vituo walitaka kuwaonyesha mawakala wa matangazo ya biashara kwamba msikilizaji wa Kihispania ni mtu wa tabaka la kati, ana kadi ya benki, amesoma. Muziki wa ranchera na wa banda ulisukumwa kwenye mawimbi ya AM yenye mikwaruzo, pamoja na wasikilizaji wake. Kwa lugha ya watu wa redio wenyewe, huo ulikuwa muziki wa ranchi, wa watu wa kofia.

Masafa ya 97.9 nayo yalikuwa na maisha yao kabla ya haya yote. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yalikuwa ya KNOB ya Long Beach, kituo kilichojitoa mhanga kupiga jazi tupu wakati FM ilikuwa na wasikilizaji wachache sana. Miaka ya 1980 ilipokuwa ikielekea ukingoni yakanunuliwa na Spanish Broadcasting System. Hiyo ni kampuni ya familia ya Alarcón, Wakuba. Baba, Pablo Raúl Alarcón, alikuwa na vituo vya redio huko Camagüey kabla ya mapinduzi ya Fidel Castro, akapoteza vyote, akaanza upya New York kama mtangazaji, na mwaka 1983 akanunua kituo cha AM cha mji huo. Mwanawe, Raúl, ndiye aliyeikuza kampuni. Kwa hiyo mwenye mali alikuwa Mkuba wa New York, na wasikilizaji aliowatafuta Los Angeles walikuwa Wameksiko. Kituo chao cha kwanza katika masafa hayo, KSKQ, kilifuata njia ya wengine, nyimbo laini za kimataifa, na hakikufika popote.

Kiangazi cha 1992 wakaamua kubadili. Alfredo Rodríguez, aliyekuwa akikiongoza kituo, alisukuma wazo ambalo mtu yeyote aliyewahi kutembea mitaa ya mashariki na kusini mwa Los Angeles angeweza kuliona. Kwenye masoko ya wazi ya Jumapili, ambako watu huuza viatu, betri na kaseti juu ya turubai, spika zote zilikuwa zikipiga banda. Kwenye harusi za ua wa nyuma, banda. Kwenye malori madogo ya watunza bustani, banda. Ni kwenye FM tu ambako haikuwapo.

Muziki wenyewe unahitaji maelezo kidogo. Banda ni bendi ya vyombo vya kupulizwa ya Sinaloa, jimbo la pwani ya magharibi mwa Meksiko: klarineti, tarumbeta, trombone, tuba kubwa inayobeba besi, na ngoma kubwa yenye sahani ya shaba juu yake. Ilikua kutokana na bendi za kijeshi na za miji za karne ya 19. Iliyo maarufu kuliko zote, Banda El Recodo, ilianzishwa mwaka 1938 na Cruz Lizárraga, katika kijiji cha El Recodo karibu na Mazatlán. Kwa miongo mingi watu wa tabaka la juu wa Mazatlán waliiita kelele. Miaka ya 1980, huko Jalisco, wanamuziki vijana wakaipunguza na kuiongezea umeme. Tuba ikapisha gitaa la besi, kinanda cha umeme kikaingia, na mwimbaji akasimama mbele, jambo ambalo bendi za zamani hazikulipa uzito. Mwendo ukawa wa kasi ya kutisha. Banda Machos, kutoka mji mdogo wa Villa Corona, ndio waliouvusha mtindo huo mpaka kaskazini. La X ikauweka mtindo huo mpya katikati ya vipindi vyake na kuuzungushia ranchera na nyimbo za makundi ya kodiani.

Na ikawaweka hewani watu waliozungumza kama wasikilizaji wao. Hili nalo lilikuwa geni. Redio ya Kihispania ya Marekani ilikuwa imejenga lafudhi ya kitangazaji isiyo ya mahali popote, sauti nzito, sarufi iliyonyooka, kana kwamba msemaji hana kijiji. Juan Carlos na El Peladillo walitania kwa Kihispania cha shambani, chenye mafumbo na matani ya wanaume wa mabwenini, na watu waliokuwa wakienda kazini saa kumi na moja alfajiri wakacheka. Wasikilizaji walikuwa wapishi, madereva, mafundi cherehani wa viwanda vya nguo vya katikati ya jiji, wanawake waliolea watoto wa matajiri wa upande wa magharibi. Jikoni mwa hoteli redio ilikuwa juu ya rafu, na ilipofika 97.9 haikuguswa tena.

Je, watu hawa walitoka wapi ghafla? Hawakutoka popote, walikuwapo. Sensa ya 1990 ilikuwa imeonyesha kwamba katika wilaya ya Los Angeles, yenye watu karibu milioni 9, zaidi ya mmoja kati ya watatu alikuwa Mlatino. Lakini naona sababu moja zaidi, ambayo haikutajwa sana na waandishi wa wakati ule. Mwaka 1986 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria ya uhamiaji iliyowapa vibali halali watu wapatao milioni 2.7 waliokuwa wakiishi nchini bila karatasi. Wengi wao walikuwa Wameksiko, na zaidi ya nusu ya maombi yalitoka jimbo la California. Mtu asiye na karatasi huishi akipunguza sauti. Hachezi muziki wake dirisha likiwa wazi, hajazi fomu ya mtu asiyemjua, na mgeni akigonga mlango anakaa kimya. Kufikia 1992 mamia ya maelfu ya watu hao walikuwa na kadi mfukoni. Arbitron ilipompelekea mmoja wao kijitabu cha kuandika redio aliyoisikiliza kwa wiki nzima, na kituo gani na saa ngapi, alikijaza na kukirudisha kwa posta.

Utaratibu wenyewe ulimfaa msikilizaji wa namna hiyo. Hesabu ilipimwa kwa robo saa. Mtu anayebadilisha vituo kila wimbo unapoisha humsaidia kila mmoja kidogo. Fundi cherehani anayefungua redio anapoketi kwenye mashine na kuizima anapoinuka, saa tisa baadaye, anakipa kituo kimoja robo saa thelathini na sita kwa siku. Wakurugenzi wa vituo vya Kiingereza walishindana kumpata msikilizaji mwenye gari na foleni ya nusu saa. La X ilikuwa na watu wa zamu nzima.

Vijana ndio waliowashangaza watu zaidi. Los Angeles ya wakati ule ilikuwa na jeraha bichi. Aprili 29, 1992, mahakama ilipowaachia polisi waliompiga Rodney King, jiji liliwaka siku kadhaa, watu zaidi ya 50 wakafa, na karibu nusu ya waliokamatwa walikuwa Walatino. Magenge ya vijana yalikuwa katika kilele chake. Katika hali hiyo, miezi michache baadaye, watoto wa wahamiaji, waliozaliwa Marekani na waliokuwa wakisikiliza rapu na kuzungumza Kiingereza shuleni, wakaanza kuvaa kofia pana za wafuga ng'ombe, buti za ngozi na mikanda yenye vifungo vikubwa. Waliifunga kiunoni leso yenye jina la jimbo la wazazi wao: Jalisco, Zacatecas, Sinaloa, Michoacán. Wengine hawakuwahi kufika huko hata siku moja.

Walicheza quebradita, densi iliyochanganya kumbia, polka na miruko ya rokenroli, ambamo mwanamume humkunja mwenzake kinyumenyume mpaka nywele zikaribie kugusa sakafu. Wakaunda vikundi, vikashindana shule kwa shule, vikawa na sare na sheria. Wapo walimu na wazazi waliosema waziwazi kwamba vikundi hivyo viliwatoa watoto kwenye magenge. Mtafiti wa muziki Helena Simonett, aliyeandika kitabu kizima kuhusu banda mwaka 2001, ameeleza kwa undani jinsi vijana hao walivyokuwa wakijitambulisha kwa kitu ambacho mitaani kilihesabiwa ushamba. Kwangu mimi hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote katika historia hii. Mtoto aliyekuwa akimwomba baba yake azime redio wanapokaribia lango la shule sasa anaiongeza sauti mwenyewe.

Karibu na hapo kulikuwa na muziki mwingine, mkali zaidi, ambao hata La X haikuukumbatia mara moja. Chalino Sánchez, mkulima wa Sinaloa aliyeishi Los Angeles, alikuwa akiuza kaseti za korido, nyimbo za simulizi za watu wa bunduki, kwenye masoko ya Jumapili. Sauti yake ilikuwa ya puani, na yeye mwenyewe alisema haimbi, anabweka. Januari 1992 alipigwa risasi jukwaani huko Coachella, naye akajibu kwa risasi. Mei mwaka huohuo, baada ya onyesho mjini Culiacán, alitekwa na kuuawa. Redio ilimfahamu baada ya kufa kwake. Kampuni ndogo za kaseti za Long Beach na viunga vyake, ikiwamo Cintas Acuario ya Pedro Rivera, ziliendelea kumrekodi yeyote aliyeimba kama yeye, na kutoka katika nyumba hiyo ya Rivera ndipo alipotokea Jenni, mzaliwa wa Long Beach, aliyekuja kuwa malkia wa banda hadi ajali ya ndege ilipomuua Desemba 2012.

Ushindi wa La X ulizaa wapinzani wake. Washindani waliokuwa wakiuonea haya muziki wa matarumbeta sasa waliutafuta kwa fedha. Mwaka 1997 kituo cha KSCA 101.9, kilichokuwa cha roki ya Kiingereza na mali ya Gene Autry, mwimbaji mkongwe wa filamu za wachunga ng'ombe, kikageuzwa kuwa cha Kihispania. Kikamchukua kutoka KLAX mtangazaji aliyekuwa hazina yake, Renán Almendárez Coello, Mhonduras, aliyejiita El Cucuy, jina la zimwi la kutishia watoto wasiolala. Asubuhi zake zilikuwa na matani mazito, na katikati yake watu wenye shida halisi walipiga simu: mama anayetafuta ndugu, mgonjwa asiye na nauli, maiti inayohitaji kurudishwa kuzikwa kwao. Msomaji aliyekulia kwenye vipindi vyetu vya salamu na matangazo ya vifo atauelewa uzito wa redio hiyo kwa mtu aliye mbali na nyumbani.

Fedha, hata hivyo, hazikulingana na masikio. Hili linaniuma kila ninapolisoma. Mwaka 1999 ilitoka ripoti ya mwanasheria Kofi Ofori, iliyoandaliwa kwa ajili ya mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, na jina lake lilisema kila kitu: kwamba kuwa namba moja hakutoshi. Ilionyesha kwamba vituo vinavyosikilizwa na watu weusi na Walatino vilipata fedha kidogo kwa kila msikilizaji kuliko vituo vingine, na kwamba kulikuwa na kampuni zilizowaagiza mawakala wao wasinunue kabisa nafasi katika vituo hivyo. Sababu walizozitoa hazikuwa mpya: watu hao hawanunui, au wakija dukani watawakimbiza wateja wengine. Kituo kiliweza kushika nafasi ya kwanza katika mji wa pili kwa ukubwa nchini, na bado muuzaji wake wa matangazo akakaa mapokezini akisubiri kuelezwa kwamba mteja hana mpango na Walatino mwaka huu.

Siasa nazo zilikuwa zimekwisha kugonga hodi. Uchumi wa California uliyumba mwanzoni mwa miaka ya 1990, viwanda vya ndege na silaha vikapunguza watu, na gavana Pete Wilson akafanya kampeni yake ya 1994 kwa kuunga mkono Pendekezo namba 187, lililotaka kuwanyima wahamiaji wasio na karatasi shule za umma na matibabu yasiyo ya dharura. Oktoba 16 mwaka huo watu wapatao 70,000 waliandamana katikati ya Los Angeles kulipinga. Novemba likapita kwa takriban asilimia 59 ya kura, kisha mahakama ikalizuia. Waliopata vibali kwa sheria ya 1986 walikuwa ndiyo kwanza wanafikia muda wa kuomba uraia, na wakaomba kwa wingi ambao ofisi za uhamiaji hazikuwa zimejiandaa kuupokea.

Miaka kumi na miwili baadaye redio zilionyesha nguvu ambayo González alifungwa kwa ajili ya chembe yake tu. Desemba 2005 Bunge la Wawakilishi lilipitisha muswada ambao ungefanya kuishi Marekani bila karatasi kuwa kosa la jinai. Asubuhi za Los Angeles wakati huo zilitawaliwa na Eddie Sotelo, Piolín, wa KSCA, mtu wa Ocotlán, Jalisco, aliyevuka mpaka mwaka 1986 akiwa amefichwa kwenye buti ya gari. Hasimu wake mkubwa alikuwa El Cucuy, ambaye mwaka 2004 alikuwa amerudi KLAX. Watu hawa walikuwa wakinyang'anyana wasikilizaji kila siku ya Mungu. Machi 2006 walisimama pamoja mbele ya jumba la jiji, na watangazaji wengine wa Kihispania pembeni yao, wakawataka wasikilizaji waje Jumamosi ya tarehe 25. Maagizo yao yalikuwa ya kina kama ya mzazi anayempeleka mtoto ugenini: vaeni nyeupe, bebeni bendera ya Marekani, njooni na mifuko muokote takataka zenu, msijibu matusi. Polisi walikadiria watu 500,000. Vyombo vya habari vya Kiingereza vilipigwa na butwaa, kana kwamba nusu milioni ya watu ilitungwa usiku. Walikuwa wametangaziwa hewani kwa siku kadhaa, kwenye masafa ambayo kila gari la jiji hilo lilikuwa nayo. Muswada ule ulikufa katika Seneti.

Kisha mizani yenyewe ikabadilishwa. Mwaka 2008 Arbitron iliacha vijitabu Los Angeles, ikawapa watu kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni kinachonasa ishara zilizofichwa ndani ya sauti ya redio. Hesabu za vituo vingi vya Kihispania na vya watu weusi zikaporomoka. Kampuni zao, Spanish Broadcasting System ikiwamo, zilidai kwamba kifaa hicho kiligawiwa kwa watu wachache mno wa jamii zao, hasa vijana na familia zisizo na simu za mezani. Mwanasheria mkuu wa jimbo la New York aliishtaki Arbitron mwaka huohuo, na kesi ikaishia kwa makubaliano ya kurekebisha namna ya kuchagua watu. Ninakubaliana na malalamiko yale kwa sehemu kubwa. Kifaa kile kilifichua pia kwamba watu wote, wa lugha zote, husahau na hutia chumvi wanapoandika walichosikiliza. Lakini mizani isiyowafikia watu haiwezi kuwapima, na hilo lilikuwa tatizo tangu 1993, ila wakati ule waliolalamika walikuwa wa upande wa pili.

KLAX bado iko pale kwenye 97.9. Ilibadili jina ikawa La Raza, ikapanda na kushuka, watangazaji wakaja na kuondoka. Quebradita ilififia mwishoni mwa miaka ya 1990, na bendi za kinanda cha umeme zikazeeka nayo. Banda yenyewe haikuondoka. Ilirudi kwenye umbo lake la zamani la Sinaloa, vyombo vyote vya kupulizwa vikiwa kamili, na tuba ikarudishwa mbele kuliko ilivyowahi kuwa. Vijana wa Los Angeles wakaanza kuipiga pamoja na kodiani na gitaa, badala ya besi ya umeme, na mpiga tuba hodari akawa mtu wa kugombaniwa kwenye kila sherehe ya ua wa nyuma, akilipwa kwa saa.

Ndipo mwaka 2011 na 2012 shule za sekondari za kusini mwa wilaya ya Los Angeles, South Gate na Compton zikiwamo, zilipoanza kuvunjiwa vyumba vya muziki usiku. Wezi waliacha tarumbeta na klarineti zikining'inia mahali pake. Walichukua tuba tu, kwa sababu tuba moja iligharimu maelfu ya dola na hazikutosha kwa bendi zilizozihitaji. Walimu wa muziki wakanunua minyororo na kufuli.